Maji ya Ukweni

Kazi yangu ni kupima maji ya visima na mito, na kabla sijasema lolote kuhusu ukweni kwangu, niseme ukweli: nilikuwa naringa. Hata wewe ungeringa. Ukiwa na tepi ya kupimia kisima mkononi, mbele ya watu, utaachaje kuringa? Ni utepe mrefu wenye alama za mita na sentimita, umeviringwa kwenye gurudumu la plastiki, na kwenye ncha yake kuna kichuma. Unaushusha kisimani taratibu, watu wote kimya, na kile kichuma kikigusa maji, gurudumu linalia piii! Watoto wanaruka. Wazee wanaguna. Wewe unasoma namba kwa sauti nzito, utadhani hayo maji umeyaweka mwenyewe.

Lakini kifaa kinachosema ukweli hakilii. Ni kisanduku kinachofanana na redio ya zamani, sisi tunakiita inkubeta, kinatumia betri ya gari. Unachuja maji ya kisima kwenye kikaratasi chembamba, unakilaza kikaratasi ndani ya kisahani chenye chakula cha vijidudu, unakifungia mle kisandukuni kwenye joto hadi kesho yake. Ukifungua ukakuta kikaratasi kiko safi, unamshukuru Mungu. Ukikuta kimeota madoa ya njano, basi kila doa ni ukoo mzima wa vijidudu, na vijidudu hao wanatoka mahali pamoja tu, tumboni mwa mtu au mnyama. Wametoka tumboni wakapitia njia unayoijua. Ofisini jambo hilo lina jina lake la kitaalamu, unaliandika na kwenda kunywa chai. Kijijini jina hilo halieleweki, na lile linaloeleweka halisemeki mbele ya kila mtu.

Hasa mbele ya mama mkwe. Nimeoa Vidunda, mlimani, kwa watu wanaojua heshima mpaka inauma. Nikifika pale nasimama mbali, nachuchumaa kidogo, natazama pembeni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Basi, mengine hupitia kwa watu wengine. Sili chakula mbele yake, siingii chumbani kwake, na sitaji choo hata nikiwa hali mbaya. Nikibanwa, nasema nakwenda kuangalia pikipiki. Safari moja nilikaa na haja yangu mpaka Kidodi, mlima mzima wa kuteremka, nimeuma meno, dereva wa bodaboda akiniuliza mbona husemi kitu, kaka.

Mama mkwe ni mjane. Mumewe, Mungu amlaze pema, alichimba kisima kwa sululu kwenye kiwanja chake mwenyewe, na kitongoji kizima kinateka pale bila kuombana ruhusa. Mpaka leo wanayaita maji ya mzee. Wengine huachiwa mashamba na ng'ombe. Mama mkwe aliachiwa sifa hiyo, na aliishika kwa mikono miwili.

Kwake ndiko tulikompeleka binti yetu wa kwanza kuachishwa ziwa. Ndiyo desturi yetu, mtoto akiwa karibu na ziwa la mama hawezi kuliacha, akikaa kwa bibi analisahau. Tena mdogo wake alikuwa njiani. Kwa hiyo binti yangu akawa mtoto wa Vidunda, anayakanyaga yale matope, anamfuata bibi yake shambani, na anakunywa maji ya mzee. Maneno ndiyo kwanza alikuwa anayaokota.

Mvua za masika zilipokatika, ofisi yetu ya Kilosa ikatutuma kupita kijiji kwa kijiji kupima. Tulikwenda wawili, mimi na mzee mmoja anayekaribia kustaafu, mtu wa mito. Yeye hukunja suruali mpaka magotini na kuingia mtoni na kipangaboi chake kidogo kilichofungwa kwenye fimbo, kinazunguka kwa nguvu ya maji nacho kinamwambia mto unakwenda kasi gani. Visima ni vyangu. Vidunda niliiomba mwenyewe. Nilitaka ukweni waone nafanya kazi gani, maana nilijua kuna shemeji zangu waliokuwa wakisema binti yao kaolewa na mchota maji.

Wakaona. Tepi ililia, binti yangu akapiga makofi mikononi mwa bibi yake, na mama mkwe, amesimama kule mbali na upande wa kanga mdomoni, nikamsikia anawaambia wenzake, "Huyo ndiye mkwe wangu." Jamani, nilivimba! Nikajaza chupa zangu za sampuli, nikaziweka kwenye kisanduku cha barafu, nikainua kichwa. Juu ya kisima, nyuma ya migomba, kilikuwepo choo. Shemeji zangu walikichimba baada ya msiba, kwa sababu huko chini ni mawe matupu. Mteremko ulitoka chooni moja kwa moja hadi kisimani. Nilikiona. Asiniambie mtu kwamba sikukiona.

Kesho yake asubuhi, gesti ya Kidodi, nikafungua kisahani. Kikaratasi kilikuwa kimejaa madoa ya njano yaliyobanana, kama mtama uliomwagika mkekani. Yule mzee akapiga mluzi.

"Kaka, hapa huna kisima. Hapa una choo chenye ndoo."

Mimi nina hasira za karibu, kidogo nimpige. Akaniangalia, akaelewa. "Ni ukweni kwako, siyo? Basi niachie mimi niseme. Mimi sina mkwe pale."

"Nitasema mwenyewe," nikamjibu. "Sitaki mgeni aende kumvua nguo mama yangu mbele ya watu."

"Mficha uchi hazai," akasema, akaenda zake kuosha miguu.

Mkutano ukaitishwa Jumapili, nje ya kanisa, baada ya ibada. Mama mkwe alikuwa amewekewa kiti mbele kabisa, peke yake, kwa kuwa kisima ni chake. Kajitanda kanga mpya. Binti yangu kamlalia mapajani. Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani kote, na nilipomwona pale mbele, nadhifu, amenisubiri nimsifie maji ya marehemu mumewe, maneno yote yakanikimbia. Nikasafisha koo.

"Maji yenu ni mengi," nikasema, "ila yana uchafu kidogo. Ni vizuri kuyachuja. Na mkiweza, myachemshe."

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Uchafu wa namna gani, bwana mtaalamu?"

"Uchafu wa kawaida tu. Wa kipindi cha mvua."

Ndivyo nilivyosema. Nalikumbuka jibu hilo hata nikiwa nanyoa ndevu. Habari ya kuchemsha maji kila mtu anaijua, dada wa zahanati huiimba kila siku, na kuni zinatoka mbali. Mwenyekiti akanishukuru, watu wakapiga makofi, na jioni mama mkwe akanitumia kuku hai kwa heshima ya kazi nzuri. Nikampokea. Tukamla kuku, au niseme nilimla, kwa sababu yule mzee wa mito alikataa hata mchuzi wake.

Ripoti ya ofisini niliiandika kweli tupu. Niliandika choo, mteremko, madoa, nikaomba dawa ya kutibu kisima na wataalamu wa kuhamisha choo. Ikaenda kupanga foleni na ripoti nyingine. Nikarudi Mikumi kwangu, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria masikio yananiwaka moto. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza katoka kujifungua. Ningemwambia, angepanda mlima siku hiyo hiyo na kichanga mgongoni, na ningelazimika kumweleza mama yake kwa nini tunampokonya mjukuu. Nikanyamaza. Nikaenda dukani, pale barabarani wanaposimama madereva wa malori, nikanunua maboksi ya maji ya chupa, nikayapakia kwenye gari la Kidodi, na huko bodaboda akayapandisha mlimani. Ujumbe wangu ulikuwa: ni maji ya mtoto, tumbo lake bado changa.

Nikalala usingizi mzuri. Mwanangu yuko salama. Na watoto wa wenzangu je? Niliwawaza, sitasema sikuwawaza. Niliwawaza, halafu nikajiambia dawa itakuja. Kila mwisho wa mwezi nikawa natuma maboksi mengine, na mke wangu akawa ananisifia kwa mashoga zake kwamba mume wake anawajali ukweni. Sifa hiyo nayo niliipokea.

Siku moja mama mkwe akapiga simu. Mtoto tumbo linamsumbua kidogo, labda ni meno. Mke wangu akasema si kitu, meno huharisha. Mimi nilijua si meno. Nikasema nina kazi upande wa Kidodi, nikaondoka asubuhi ile ile.

Nilipofika nikawekewa kiti barazani, kama kawaida. Nikachuchumaa, nikaamkia, nikajibiwa, nikakaa. Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na sinia lenye kitambaa cha kufuma, na juu yake chupa ya maji, glasi imefunikwa. Akaliweka kwenye kigoda mbali kidogo nami, uso pembeni. "Karibu maji, mkwe."

Ile chupa niliijua. Nikachungulia mlangoni. Maboksi yangu yalikuwa yamepangwa ukutani chini ya kalenda ya kanisa, yamefunikwa shuka safi. Boksi moja tu ndilo lililofunguliwa.

Na binti yangu yuko kwenye mkeka. Sikumjua mara moja. Macho yamezama, midomo imekauka, hata hakuja kunikimbilia, alinitazama tu kama unavyomtazama mtu anayepita njia. Bibi yake akamwinua kichwa kwa upole, akachota kikombe kutoka kwenye mtungi, akamnywesha. Mtoto akanywa kwa pupa.

"Mama," nikasema, "yale maji ya chupa ni ya mtoto."

Akacheka kidogo, bado anatazama pembeni. "Mtoto ayamalize, mchungaji akija nimpe nini? Wageni wakija? Huyu si mgeni, huyu wa hapa. Anakunywa maji ya babu yake."

Kwa sisi watu wa huku, maji ya dukani ni ya mgeni. Nani asiyejua? Mimi mwenyewe nimelelewa nyumba ambayo soda ilikaa kabatini mpaka ikafubaa ikimngoja mgeni. Nilijua hayo yote, na bado nilituma maboksi nikajiona mjanja. Hasira ikapanda, na mwenye kustahili hasira ile alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, lakini nani hujikaripia mwenyewe? Nikasimama, kiti kikaanguka.

"Yana mavi!" nikapiga kelele. "Mama, hayo maji yana mavi! Mavi ya choo chenu kile pale!"

Kwa jirani mchi ukanyamaza kinuni.  Mama mkwe akakiweka kikombe chini taratibu, kisiyumbe, akajifunika kanga uso mzima, akaingia ndani. Nikamsikia anakaa kitandani. Nami nikamnyanyua mwanangu, mwepesi kupita kiasi, nikambana kifuani na kupanda bodaboda. Sikuaga. Kuteremka kote nilikuwa namwambia dereva kimbia, halafu namwambia polepole utamwangusha, mpaka akaniambia, "Bro, chagua moja."

Hospitali, pale Mikumi, muuguzi alihangaika sana kupata mshipa. Mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia, na hicho ndicho kilichonivunja zaidi. Hatimaye dripu ikaanza kudondoka.

"Alikuwa anatumia maji gani?" muuguzi akauliza.

"Ya kisima."

"Hamjaambiwa myachemshe?"

"Waliambiwa," nikasema.

Waliambiwa! Hata pale, mwanangu katobolewa mkono, bado nilikuwa nasema waliambiwa. Mke wangu akaja na kichanga, kanga imekaa upande. Alinitazama mara moja tu, na mwanamke uliyelala naye nyumba moja humfichi mengi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mkutano."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alihamia upande wa pili wa kitanda, akampa mtoto mdogo ziwa, na mkono mwingine ukawa unampapasa yule mkubwa kichwani. Tukakaa hivyo, kitanda katikati yetu, mpaka dripu ya kwanza ikaisha. Baadaye mtoto akakojoa, muuguzi akashangilia kama vile timu yake imefunga, akasema huyu sasa anarudi. Mke wangu alilia. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na bomba. Sikuwa na haki ya kulia pamoja naye.

Kesho yake mama mkwe akaja. Kashuka mlima peke yake, vumbi mpaka magotini. Nikainuka nimpishe, nikataka kutoka kabisa wodini, maana nitakaa vipi chumba kimoja naye baada ya neno lile? Nilikuwa tayari kwa faini, kwa mbuzi, kwa kikao cha ukoo, kwa kuambiwa binti yao arudi nyumbani. Ningeshukuru kama angeniadhibu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Kisha akaanza kusema, si kupitia kwa binti yake, bali kwangu.

"Siku ile kanisani ulisema uchafu. Mimi nikadhani tope. Nikatoa kanga yangu mpya, ile niliyokuwa nimejitanda, nikaifanya ya kuchujia. Kila asubuhi nayachuja, halafu nayarudia tena, kwa ajili ya huyu. Majirani wakawa wananicheka, bibi anadekeza. Nikawaambia mkwe wangu amesema yachujwe."

Nilitamani ardhi ipasuke.  Pole? Nimwambie pole?

"Na kule bado wanateka," akaendelea.

"Bado, mama?"

"Wataachaje? Walisikia kelele tu. Wanasema mkwe alikuja amelewa, akamtukana mama yake, akachukua mtoto. Nimemwacha mama wa jirani anajaza ndoo, naye ana mapacha wananyonya. Nilimwambia acha kwanza. Akaniuliza niache kwa nini. Sikujua nimjibu nini."

Mke wangu aliinua uso. Kitanda cha pili mgonjwa akajifanya amelala.

"Nitapanda mimi, mama," nikasema. "Leo hii. Nitawaambia mwenyewe."

"Wewe ulishapewa mkutano."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba basi limeshaondoka. Halafu akaketi vizuri kwenye benchi, akaweka mikono mapajani. "Niambie mimi. Lile neno, na maelezo yake, taratibu, nisikosee. Nitawaambia mimi. Kisima ni changu."

Muuguzi alikuwa amesimama na sindano mkononi. Mke wangu yupo. Mimi mtu mzima, mwenye vyeti, mwenye tepi inayolia, jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni.

"Ni mavi, mama," nikasema. "Yanatoka chooni. Yanapita chini ya ardhi kufuata mteremko, hayaonekani, kanga haiyazuii. Yanaingia kisimani."

"Choo chetu."

"Chenu, mama."

 Nilijua anamwona mumewe na sululu yake, maana mimi pia nilikuwa namwona. Midomo yake ikacheza, anayarudia maneno kimoyomoyo kama mtoto anayetumwa dukani.

"Ndiyo hayo tu?" akauliza.

"Ndiyo hayo tu."

"Kumbe ni machache hivyo," akasema. Akamshika mjukuu wake mguu, akauachia, akatoka kwenda kutafuta gari la kumrudisha mlimani.